Herufi ya Tatu

Pale hospitali ya wilaya, ukitoka kwa daktari na cheti chako cha dawa, unafuata ukuta wa kijani mpaka mwisho. Hapo utakuta dirisha lenye nondo, na chini yake tundu la kupitishia mkono. Nyuma ya dirisha hilo alikaa mwanamke mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, ambaye kila mtu alimwita Dirishani. Jina alipewa na wagonjwa, wauguzi wakalidaka, na mwishowe likamfuata hadi kwao nyumbani.

Sifa yake ilikuwa moja: hakuna mwandiko uliomshinda. Madaktari wa pale waliandika kama kuku aliyepekua majivu, lakini yeye aliweka miwani, akainamisha kichwa kidogo, akasoma kama anasoma kitabu cha darasa la kwanza. Siku moja daktari mkuu mwenyewe alikuja dirishani na karatasi yake, akamwomba kwa sauti ya chini amsomee alichokuwa ameandika juma lililopita. Akamsomea. Foleni nzima ikacheka, hata waliokuja na homa wakasahau homa zao.

Alikuwa na sheria aliyoitoa chuoni: ukiwa na shaka na neno moja tu, usitoe dawa. Unainua simu ya ukutani, unampigia aliyeandika, unamuuliza. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuivunja.

Dirishani alilelewa na shangazi yake. Mama yake alifariki kabla yeye hajaanza shule, na baba yake, ambaye kazi yake ilikuwa ya safari, akamkabidhi kwa dada yake mkubwa na kuondoka. Shangazi alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, na wawili hao walikula sahani moja mpaka watu wakadhani ni pacha. Yule wa kiume alikuja kuwa fundi mwashi. Alikuwa amepewa jina la babu yao, na kwa hiyo shangazi, tangu anamnyonyesha, alimwita Baba. "Baba, njoo ule." "Baba, umeniudhi leo." Hata alipompiga kofi alimpiga kwa adabu.

Babu mwenyewe hawakumjua. Alichukuliwa kwenda katika vile vita vikuu vya pili, akawekwa kwenye kikosi cha wachukuzi wa mizigo, akavushwa mpaka nchi ambayo nyumbani hakuna aliyeweza kutamka jina lake. Shangazi alikuwa mtoto wa kubebwa. Alichokumbuka ni shati: kitambaa kipya, kigumu, kilichomkwaruza shavu babu alipomwinua kumuaga. Mdogo wake, yaani baba yake Dirishani, alikuwa bado tumboni.

Vita vikaisha. Wachache walirudi. Mmoja alisema alimwona babu hospitalini akiwa hoi. Mwingine alisema, tena kwa kucheka, kwamba alimwona katika mji wa kigeni amevaa viatu vizuri, na mwanamke pembeni. Maneno kama hayo hayana miguu lakini hufika. Shangazi alikua akipigana shuleni kwa ajili yake.

Kulikuwa na jambo moja alilopenda kulisimulia. Alipokuwa binti wa miaka kumi na miwili hivi, seremala mmoja mjane, mtu mpole, alianza kupita pale kwao. Alirekebisha mlango bila kuombwa. Akaleta kigoda. Bibi alianza kucheka tena, na kusuka nywele. Siku seremala alipokuja na wazee wake, shangazi alisimama mlangoni akawaambia kwamba mama yake ana mume. Alilia, akagoma kula, mpaka bibi akamrudisha yule mtu kwa maneno ya heshima. Bibi aliishi miaka mingi sana baada ya hapo, peke yake, akafa peke yake kitandani. "Nilimlindia baba nyumba yake," shangazi alikuwa akisema, na alilisema kama mtu anayeonyesha nishani.

Figo zake zilipoanza kuchoka, alimwita Dirishani akae karibu.

"Mwanangu, mimi sitaki kuzungushwa tena mahospitalini," alisema. "Nataka kujua baba yangu alipo. Basi. Nikijua, nitakwenda."

Ikawa kama bahati kwamba fundi, mwanawe, alikuwa amepata kazi ya kubadilisha paa la jengo la nyaraka katika mji mkubwa. Huko juu ya dari aliwasikia wafanyakazi wakilalamika kuhusu vitabu vya jeshi la zamani vilivyoloa mvua. Akashuka, akauliza. Ndiyo, vilikuwepo: vitabu vya vikosi, vya wachukuzi pia, ila kuvisoma ni shughuli. Fundi alirudi nyumbani anang'aa. Akamwambia Dirishani kwamba mtu aliyewaweza madaktari hawezi kushindwa na karani wa jeshi. Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Dirishani akaomba likizo.

Chumba cha kusomea nyaraka kilikuwa na meza ndefu zilizofunikwa kitambaa kilichochakaa, madirisha yaliyobandikwa karatasi kuzuia jua, na harufu ya gundi na panya. Kalamu ya wino haikuruhusiwa, penseli tu. Msimamizi wake alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sauti ya kunong'ona, aliyeitwa Taratibu, kwa kuwa ndilo neno alilomwambia kila aliyegusa ukurasa. Alimwekea Dirishani kitabu cha kwanza juu ya mto mdogo kama anamlaza mtoto, akampa lenzi ya mkono, akasimama nyuma yake.

Makarani wale waliandika kwa lugha ya watawala wa wakati ule, na majina ya watu waliyaandika kama masikio yao yalivyoyashika. Jina la babu lilikuwa limeandikwa hivi hapa na vile pale, na babu wa watu wengine walikuwa na majina hayohayo. Dirishani alilazimika kutafuta kwa kijiji, kwa jina la baba wa mtu, kwa jina la mkubwa wa eneo. Mwanzoni mwandiko ulimtesa. Mikia ya herufi ililalia mstari wa chini, wino ulikuwa umetoboa karatasi ukatokea upande wa pili. Taratibu alimfundisha asiharakie neno. Mwandiko, alisema, ni kama mwendo wa mtu: ukishamjua anavyotembea, utamtambua hata akiwa mbali, hata akichechemea. Mjue karani kwanza, neno litakuja lenyewe.

Alikuwa mwanafunzi mzuri. Baada ya siku kadhaa alianza kusoma kurasa nzima bila lenzi, na Taratibu akawa anamletea watafiti wengine waliokwama awasaidie. Ilimfurahisha. Usiku alimpigia shangazi simu, akamwambia wanakaribia.

Kisha akampata. Kijiji kilikuwa sawa, baba wa mtu alikuwa sawa, mkubwa wa eneo alikuwa sawa, na jina lilikuwa limepindwa kidogo tu. Nambari ya askari ilisomeka wazi. Dirishani alikaa akilitazama lile jina huku kidole kikielea juu yake, kwa kuwa kugusa ilikuwa marufuku. Halafu akapeleka macho kwenye safu ya mwisho, panapoandikwa jinsi mtu alivyotoka jeshini.

Palikuwa na herufi tatu, nukta, na tarehe.

Katika lugha ile, neno la mtu aliyetoroka jeshini na neno la marehemu huanza kwa herufi mbili zilezile, D na E. Inayoyatenganisha ni ya tatu. Ikiwa S, mtu ametoroka. Ikiwa C, amefariki. Na herufi ile ya tatu ilikuwa na kichwa kilichoinama mbele na mkia uliojikunja ndani.

Aliisoma S. Hakuisoma kwa kubahatisha. Katika ukurasa uleule kulikuwa na watoro wengine, na karani alikuwa amewaandika hivyohivyo, D, E, S, na nukta. Waliokufa alikuwa amewaandikia neno la kufa, zima, bila kulikata. Kwa nini kwa mtu huyu mmoja atumie neno lingine? Aliipima ile herufi kwa S nyingine za ukurasa. Zilifanana, ingawa hii ilikuwa nyembamba zaidi na wino wake umepauka. Alidhani kalamu ilikuwa inaishiwa.

Taratibu aliinama na lenzi akaangalia kwa muda mrefu. "Inaweza kuwa S," alisema. "Lakini usikate shauri kwa herufi moja, dada. Nipe muda. Kuna vitabu vya hospitali za jeshi, viko ghalani, havijapangwa. Nikivipata nitakuita."

Aliuliza muda gani. Taratibu hakujua. Ghala lilikuwa limejaa na alikuwa peke yake.

Jioni ile fundi alipiga simu. Shangazi amevimba miguu mpaka magotini, hali chakula, na anauliza jambo moja tu. Dirishani alikaa kitandani katika chumba cha wageni, simu mkononi. Kama kile kingekuwa cheti cha dawa angempigia daktari. Lakini karani yule, mtu asiyemjua jina, labda aliyekufa zamani katika nchi yake, angempigia wapi? Akajiambia kwamba ana hakika. Akajiambia kwamba amesoma miandiko maisha yake yote. Asubuhi akapanda basi kurudi nyumbani.

Njiani alipanga kusema kwamba hajapata kitu. Lakini shangazi hakuwa mtu wa kufichwa. Alimtazama mara moja tu anaingia, akamwambia fundi atoke nje.

"Umemkuta," alisema. "Nipe kama ulivyomkuta. Usinitilie sukari, mimi si mtoto."

Dirishani akamwambia. Alimwambia kwamba kitabu kinasema babu alitoroka jeshini, tarehe fulani, na baada ya hapo hakuna kitu. Alijaribu kuongeza kwamba wengi walitoroka, kwamba wachukuzi walipigwa na kushindishwa njaa, kwamba mtu anaweza kutoroka ili arudi kwao na asifike. Shangazi alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alikuwa akiangalia ukuta.

"Kwa hiyo yule wa viatu alisema kweli," alisema baadaye.

Akafumba macho. Dirishani alidhani amelala. Kumbe hakuwa akimfikiria babu kabisa.

"Seremala yule alikuwa mtu mzuri," shangazi alisema. "Mama alimpenda. Nilimfungia mama mlango, mwanangu. Nilimfungia mlango kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakula na mwanamke mwingine."

Kuanzia siku ile shangazi hakumwita tena mwanawe Baba. Hakumwita chochote. Akitaka maji alielekeza kidole kwenye kikombe. Fundi alijifanya haoni. Aliendelea kumwitikia "naam, mama" hata pale ambapo hakuna aliyemwita, na hilo lilikuwa gumu kulisikiliza kuliko kilio.

Shangazi aliagiza jambo moja tu. Watu wote walijua kwamba nafasi yake ilikuwa pembeni ya kaburi la bibi. Alikuwa amepanda maua pale mwenyewe na kila mwaka alipalilia pande zote mbili. Sasa alisema asizikwe hapo. Azikwe upande wa pili, kule chini kwenye makaburi ya wageni. Fundi alipomuuliza sababu, alijibu kwamba hawezi kwenda kulala karibu na mama yake, maana ataulizwa na hana la kusema. Walimbembeleza. Wazee wakaitwa, wakasema maneno mazuri. Alisikiliza kwa adabu, akarudia neno lake. Hakukaa hata mwezi. Walimzika kule alikotaka, siku ya upepo, na kutoka pale alipolala huwezi kuliona kaburi la bibi.

Dirishani alirudi kazini. Watu walimpa pole, akashukuru. Aliamini alikuwa amefanya jambo gumu na la haki, kwamba ukweli ni dawa chungu lakini ni dawa, na wapo waliomwambia hivyo, naye akawa anajirudia maneno hayo akiwa anahesabu vidonge.

Ndipo Taratibu akapiga simu. Hakueleza mengi. Alisema vile vitabu vya hospitali vimepatikana, na kwamba ingefaa aje mwenyewe aone. Dirishani alikuwa na nia ya kumwambia kwamba haina haja tena. Akaenda.

Taratibu alikuwa ameweka vitabu viwili mezani, sambamba. Alifungua kwanza kile cha zamani, ukurasa wa babu, akavuta taa karibu.

"Tazama wino," alisema.

Alitazama. Mstari wote wa babu, jina, kijiji na nambari, ulikuwa mweusi. Zile herufi tatu za mwisho hazikuwa nyeusi zilizopauka. Zilikuwa bluu, bluu ya zamani iliyochujuka. Alikuwa ameuona utofauti huo tangu siku ya kwanza, akadhani kalamu imeishiwa. Taratibu alimweleza kwa ile sauti yake ya kunong'ona kwamba hawa ni makarani wawili. Wa kwanza ndiye aliyeandika ukurasa, pamoja na wale watoro. Wa pili alikuja baadaye, taarifa zilipofika kutoka mbali, akajaza mistari michache iliyokuwa wazi. Huyu wa pili ana mtindo wake. C yake ina kichwa kilichoinama na mkia uliojikunja. Asiyemzoea ataisoma S. Alimfungulia kurasa nyingine za mkono uleule, ambako maneno yalikuwa mazima na hayakuwa na ubishi. Mwandiko ulikuwa mmoja, na kila C ilikuwa vile.

Kisha akafungua kitabu cha hospitali. Nambari ileile. Tarehe ileile. Kuhara damu. Chini yake mstari mmoja: amezikwa hapahapa na wenzake. Nambari ya kaburi haikuandikwa.

Babu alikuwa amekufa miezi michache tu baada ya kuondoka, kabla ya mwanawe kuzaliwa. Hakukuwa na viatu wala mwanamke. Bibi alipokuwa akimrudisha seremala, alikuwa mjane siku nyingi.

Dirishani hakulia mle ndani. Alinakili kila kitu kwa penseli, mwandiko wake ukiwa mnyoofu kama kawaida, akamshukuru Taratibu. Taratibu alisema anasikitika kwamba ghala lilimchelewesha. Alijibu kwamba si kosa la ghala.

Alimfuata fundi kazini, kwenye nyumba isiyo na paa, akamkuta anapiga plasta. Alimweleza akiwa amesimama kwenye mchanga. Alieleza yote, wino, C, ile simu ya Taratibu, na pale alipoambiwa asubiri na yeye hakusubiri. Fundi aliendelea kulainisha ukuta mpaka akamaliza kipande alichokuwa nacho. Halafu akaweka mwiko chini.

"Mama ameshaondoka nalo," alisema.

Hakumtukana. Dirishani angependa amtukane. Alisema tu kwamba ana plasta inakauka, na kwamba asije nyumbani kwa sasa.

Fundi alikwenda kwa wazee kuomba mama yake ahamishwe, alazwe pale alipopangiwa. Wazee walikaa, wakajadili, wakasema aliyezikwa amezikwa, tena kwa kauli yake mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki. Fundi alirudi kazini.

Na Dirishani akaanza kuharibikiwa. Alichukua cheti cha dawa ambacho angekisoma akiwa usingizini, akakigeuza, akakiweka kwenye mwanga, akampigia daktari. Kisha cha pili. Kisha kila kimoja. Alitaka waandike upya kwa herufi kubwa, zilizoachana. Foleni ilifika mlango wa nje. Madaktari walivumilia kwanza kwa mzaha, halafu bila mzaha. Daktari mkuu alimwita ofisini, akazungumza naye kwa upole, akamuuliza kama anahitaji kupumzika. Dirishani alimwambia kwamba hajui tena S ni ipi. Daktari alidhani ni macho, akamwandikia apimwe. Macho yalikuwa mazima. Wakamhamishia stoo, kupokea maboksi, ambayo yote yamepigwa chapa.

Aliandika barua nyingi kwa ofisi za nchi ile ya mbali, kuuliza walikozikwa wachukuzi. Wachache walijibu. Walisema makaburi yale hayakuwekwa alama na mji umekua juu yake.

Zaidi ya mwaka ulipita kabla fundi hajaja. Alikuja mchana wa Jumapili, amevaa nguo za kazi, akasimama mlangoni. Alisema amekuja kuchukua ile nakala, kwa ajili ya watoto wake. Dirishani alimpa. Akamwomba akae, naye akakaa, ukingoni mwa kiti, akaisoma taratibu huku midomo ikicheza.

Aliuliza babu alikuwa na umri gani. Dirishani alimwambia kwamba karani alikisia tu, kama walivyokuwa wakikisia, lakini alikuwa kijana, hajafika hata thelathini. Fundi alitikisa kichwa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na umri huo.

"Hapa hawasemi alikuwa na nani," alisema. "Alipokuwa anakufa. Kama alikuwa na mtu wa kwao."

"Hawakuandika."

Fundi alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Alikaa kidogo zaidi. Dirishani alimuuliza kama atakunywa maji, akasema hapana, asante, ameacha vijana kazini. Ilikuwa Jumapili. Hakuna aliyekuwa kazini, na wote wawili walijua. Alimsindikiza mpaka barabarani, wakaagana kwa mkono kama watu wanaofahamiana kidogo, akasimama akimtazama mpaka alipokata kona.